Mto wa Kochi Ulioanikwa Juani

Pumzi yake ndiyo iliyonifikia kwanza.

Nilikuwa nimefumba macho. Ndivyo ninavyofanya nikitafuta mvumo kwenye maiki: nafumba macho, nabana hedifoni masikioni, nasikiliza. Ikaja pumzi ndefu, ikakatika katikati, ikashikwa, ikaachiliwa. Mate yakamezwa. Kisha kikohozi kidogo, mara mbili, kama mtu anayebisha mlango huku akiomba pasiwe na mtu ndani.



Sura ya mtu unaweza kujilazimisha kuisahau. Unafuta picha, unafuta namba, unapita njia nyingine ukifika mjini. Lakini mimi kazi yangu ni sauti, na kikohozi kile nilikijua. Nilikuwa nimekisikia kwa miezi minane, kila mara kabla hajasema jambo linalomuuma. Mara ya mwisho nilikisikia kwenye simu, siku aliponiambia, "Ndunda, baba atawarudisha mbuzi," nami nikakata simu kabla hajamaliza.

Nikafumbua macho. Ukumbi wote ulikuwa giza. Mbele, jukwaani, kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa kutoka juu hadi chini, taa moja ikiwaka nyuma yake, na kwenye kitambaa palikuwa na kivuli cha mwanamke. Aliwekewa kiti kando yake. Hakukikalia.

Nzisa.

Niseme ukweli. Asubuhi ile mimi nilikuja kucheka.

Nilipopewa kazi ya kuweka vyombo katika hoteli ile iliyo chini ya vilima vya Iveti, niliambiwa tu kwamba ni kongamano la madaktari. Nilipofika na kusoma bango mlangoni, linalotaja wanawake wanaotokwa na mkojo bila kujizuia, na misuli ya nyonga, na fistula, nikampigia rafiki yangu Lenny, ninayepanga naye nyumba Mlolongo.

"Niaje, Lenny. Unajua leo niko kwa kazi gani? Kongamano la kukojoa!"

"Wacha uongo."

"Haki! Watu mia nne, siku mbili, wanaongea tu juu ya kukojoa. Na chai ya saa nne iko!"

Tulicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilipogeuka, nikamkuta mwanamke mnene aliyevaa sare ya uuguzi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, ananitazama kama anayesoma kipimajoto.

"Kijana wa mitambo."

"Naam, Sista."

"Wewe ulizaliwa na mama?"

"Nilizaliwa."

"Basi punguza kicheko. Hiyo misuli unayoicheka ndiyo uliyopitia ukija."

Huyo ndiye Sista Lavender, msimamizi wa wagonjwa katika kongamano lile. Nilimwomba radhi, lakini midomo tu ndiyo iliyoomba. Saa nne kasorobo nilicheka tena, Daktari Makau alipowasimamisha watu wote, maprofesa na tai zao, akawafundisha zoezi. "Kaza! Kama unazuia mkojo. Shika. Saba, nane, tisa, kumi. Achilia." Mia nne nzima wakakodolea dari macho kama watu wanaosubiri mvua. "Na wewe wa mitambo huko nyuma, kaza! Wanaume pia wako nayo!" Nikacheka kwa sauti. Nilijiona kijana mzima, mwenye afya yake, asiyehusika.

Baada ya chai Sista Lavender akaja kwenye meza yangu.

"Saa tano mgonjwa ataongea. Atakuwa nyuma ya kile kitambaa. Sura haitaonekana, na sauti sitaki ijulikane hata na mama yake mzazi. Unaweza?"

"Sista, nikitaka nitamfanya asikike kama mzee wa kanisa mwenye mafua."

"Basi mfanye mzee wa kanisa. Na usikosee. Nimempa neno langu."

Nikapanga. Kazi yetu ina utaratibu wake: kinachokwenda kwenye spika ni sauti iliyogeuzwa, lakini kinachokuja kwenye hedifoni za fundi ni sauti mbichi, jinsi inavyotoka kinywani, ili fundi asikie kama kuna kasoro. Kati ya watu mia nne ukumbini, mtu mmoja tu angemsikia mwanamke yule kwa sauti yake.

"Hamjambo nyote," akasema.

Watu mia nne wakamsikia mzee wa kanisa. Mimi nikamsikia mke wangu.

Nasema mke, na sisemi kwa kujipendekeza. Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo, wale wa posa, wakishafika kwao na kupokelewa, msichana ni wako, hata kama harusi ni ya mwaka ujao. Mimi nilipeleka mbuzi watatu hadi Masinga, kwa Mzee Muli, baba yake. Niliwachagua mwenyewe, wasio na doa. Tulikula, tukaombewa, nikarudi Mlolongo nikitembea kama niliyenunua barabara. Siku ya kumi na moja Mzee Muli akawarudisha. Alikuja nao hadi nyumbani kwetu Muthetheni, akawafunga kwenye nguzo ya ua, akamwambia mama yangu, "Msichana amebadilisha nia," akakataa hata maji ya kunywa, akaenda zake.

Sababu sikupewa. Mimi sababu nilijitungia mwenyewe: ni mwanaume mwingine. Nikarudi nyuma nikapanga ushahidi. Yale manukato mengi, ni ya nani? Kwa nini haketi kwangu zaidi ya nusu saa? Kwa nini hataki safari ya Mombasa? Kwa nini kila nikimshika kiuno ananitoa mkono na kusema, "Tungoje kanisa"? Kila jibu nililitunga, na kila jibu lilinifanya niwake zaidi.

"Mimi ni wa kutoka Masinga," sauti ikaendelea masikioni mwangu. "Nilishikwa na uchungu nikiwa na miaka kumi na tisa. Siku mbili nikiwa nyumbani. Siku ya tatu wakaniweka kwa boda boda, mtu mmoja mbele, mmoja nyuma ananishikilia. Mtoto hakulia. Baada ya wiki nikaamka nikadhani nimemwaga maji kitandani. Nikabadilisha shuka. Ikalowa. Nikabadilisha. Ikalowa. Nikamwambia nyanya yangu, labda paa linavuja. Ilikuwa kiangazi."

Nilikuwa sijui alikuwa na mtoto. Miezi minane, na sikujua.

"Nilifanyiwa upasuaji mara moja. Ilipungua. Haikuisha. Nikaja hapa mjini, nikapata kazi kwa duka la vitambaa. Mwenye duka anaitwa Sainab. Aliona nasimama siku nzima, sikai. Hakuniuliza. Kila jioni ananifungia vile vipande vinavyobaki, pamba safi, ananiambia, chukua, vinanijazia duka. Mimi nakunywa vikombe viwili vya maji kwa siku. Nikitoka na mtu, nakunywa kimoja."

Kikohozi, mara mbili.

"Halafu nikapata mtu. Alikuwa na maringo! Anatembea kama barabara ni ya baba yake. Anaongea na wewe kama ameshika maiki hata kama hajashika. Nikampenda."

Ukumbi ukaangua kicheko, kwa sababu wao walimsikia mzee mwenye mafua akisema amempenda mwanaume mwenye maringo. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini mimi nilitamani kuzima spika zote, nichomoe nyaya, nimfunike masikio asisikie wakicheka. Ni kicheko kile kile changu cha asubuhi.

"Akanipeleka kwao kusalimia. Barabara ni mbaya, tulichelewa, na sikupata mahali pa kujibadilisha. Mama yake akanikaribisha kwa kochi. Nikasema nitasimama. Akasema, kwetu mgeni hasimami. Nikakaa. Niliposimama, niliona ameona. Hakusema kitu. Aliingia, akatoka na beseni, akabeba ule mto wa kochi, akaupeleka nje, akauosha, akauanika kwa seng'enge. Mimi nikiwa bado niko hapo uani na kikombe cha chai mkononi."



Ule mto niliuona. Mto wa kijani, wenye maua. Nilitoka kumuonyesha Nzisa mti wa mparachichi nilioupanda nikiwa darasa la sita, nikaukuta mto umening'inia juani. Nikauliza, "Mwaitu, kochi limefanya nini?" Mama akanijibu bila kugeuka, "Chai imemwagika." Nikamcheka Nzisa. Nikamwambia, "Hata kikombe hujui kushika, na ntheo tumeshapeleka?" Naye akacheka pamoja nami. Alicheka! Nakumbuka meno yake.

"Jioni yake mama huyo akanipigia simu. Hakunitukana. Akasema, 'Mwanangu ni mmoja. Nataka wajukuu, na nataka nyumba ambayo watu wanaingia. Waambie kwenu warudishe mbuzi kwa heshima, na mimi nitakufa na hiyo siri.' Nikafikiria usiku mmoja. Nikamwambia baba."

Nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya meza na kifua changu kilikuwa kimejaa jina lake. Mimi ni mtu wa moto, sikatai; tangu utotoni, kitu kikinijaa lazima kitoke. Nilitaka kuliita jina hilo mpaka vioo vya hoteli vitikisike. Nilitaka kupita katikati ya mia nne wale, nikirarue kitambaa kile, nimbebe.

Pale kando ya jukwaa Sista Lavender alikuwa amegeuka kuniangalia. Hakunikataza. Aliinua tu miwani, akaivaa.

Na hapo nikaelewa. Neno moja tu likinitoka, "Nzisa," na watu wote hawa watakuwa na jina. Kitambaa hakitakuwa na kazi. Na huku nyuma ya hedifoni alikuwa ameanza kulia, sauti yake inapanda na kushuka, na kila ilipopanda mtambo ulitaka kuiacha ipite bila kugeuzwa. Nisipoishika kwa vidole, mia nne watamsikia alivyo.

Nikaketi. Nikarudisha mkono kwenye mitambo. Alipopanda nikamshusha, alipopotea nikamtafuta. Machozi yalikuwa yakiniingia kinywani, na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Kwa muda wote uliobaki nilimficha mke wangu kwa vidole viwili, na hiyo ndiyo kazi safi zaidi niliyowahi kufanya tangu nishike chombo.

"Sina maswali," akamalizia. "Daktari amesema Jumatatu watajaribu kunipasua tena. Nilitaka tu kuongea nikiwa bado sijui itakuwaje. Asanteni."

Watu wakasimama. Wakapiga makofi mpaka taa zikawashwa, kisha wakaanza kutoka kwenda kula, wakiongea polepole kama watu wanaotoka mazishini. Mimi nilivua hedifoni, nikapita kati ya viti, nikapanda jukwaa.

Sista Lavender akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Unaenda wapi?"

"Sista, nakuomba."

"Unaniomba nini? Wewe kazi yako ni waya."

"Huyo ni mke wangu."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya kitambaa, bila maiki, ndogo.

"Sista, mwache. Lakini asipite kitambaa."

Sista akanipisha, kisha akajivutia kiti hatua tatu tu kutoka hapo, akakaa. "Mimi sisikii kitu," akasema. "Lakini siendi popote."

Nikapiga magoti kwenye mbao za jukwaa. Taa ya nyuma ilikuwa bado inawaka. Kivuli chake kilikuwa karibu sana hivi kwamba niliona ncha za nywele zilizotoroka kwenye kilemba.

"Nzisa."

"Sasa, Ndunda."

Sasa! Kama tumekutana stendi.

"Ulijua niko hapa?"

"Nilikusikia ukihesabu, ukijaribu maiki. Moja, mbili. Moja, mbili. Nikamwambia Sista nataka kurudi nyumbani. Akaniambia gari liko, chagua mwenyewe."

"Na ukabaki."

"Nikakumbuka ulinifundisha. Sauti ya kweli haiendi kwa watu, inaenda kwa fundi. Miezi minane nimesimama kwa hizo mitambo zako, harusi baada ya harusi. Ulifikiri nilikuwa naangalia nini?"

"Nilifikiri unaniangalia mimi."

"Nilikuwa nakuangalia wewe pia."

Nilishika pindo la kitambaa, nikaliachilia haraka kama linalounguza.

"Kwa hivyo ulikuwa unaniambia mimi."

"Nilikuwa nakuambia wewe. Hao wengine walikuwa wanasikiliza tu. Nilitaka unisikie yote, mpaka mwisho, bila kuniangalia. Na bila kunikatiza, kwa sababu wewe unakatiza sana."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikupigia ukakata. Nikakutumia ujumbe wa sauti, dakika sita."

"Niliufuta."

"Najua. Zile alama za kuonyesha umesikiliza hazikugeuka rangi. Niliziangalia wiki mbili."

"Nilidhani uko na mtu, Nzisa. Yale manukato..."

"Manukato!" Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mtu anajimwagia manukato ili asinuke, wewe unasema ana mwanaume."

Akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na makali.

"Na pale Muthetheni siku ya soko, baada ya mbuzi kurudi, ulisema nini?"

"Usinirudishe huko."

"Sema. Si una sauti nzuri ukiwa na maiki?"

"Nzisa, nakuomba."

"Uliwachinja wote watatu. Ukawasha moto katikati ya soko, ukaweka spika zako. Ukasema nini?"

Nyuma yangu Sista Lavender aliyesema hasikii akaguna.

"Nilisema..." Mdomo wangu ulikataa. "Nilisema, kuleni, watu wangu. Leo tunakula mke wangu."

Kutoka chumba cha chakula tulisikia vijiko.

"Binamu yangu alinitumia video," akasema. "Nilikuwa dukani nakatia mteja kitambaa. Nikaona watu wanakula, wanacheka. Nikaona ukimpa mtoto mguu. Nikajua mama yako amekuambia, na ndiyo maana unanitangaza. Sainab ndiye alininyang'anya simu."

"Hakuniambia! Hakuniambia neno!"

"Sasa najua. Nimejua asubuhi, nilivyosikia unacheka na rafiki yako kwa simu pale nje ya dirisha. Mtu anayejua hawezi kucheka hivyo."

Nilipiga paji la uso kwenye mbao. Nilirudia tena. Sista akasema, "Wewe, mbao ni za hoteli," lakini kwa upole. Nilitoa simu mfukoni.

"Nampigia Mama sasa hivi."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba amenivunjia nyumba. Kwamba asinihesabu tena kama mtoto."

"Rudisha hiyo simu."

"Nzisa, alikuanikia mto mbele ya macho yako!"

"Ndiyo. Na ulipouliza akasema ni chai. Ulipokuwa unanitukana sokoni, alikuwa na neno moja tu la kukunyamazisha, na akalimeza, kwa sababu aliniahidi. Amenifukuza na amenificha, yote mawili. Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa. Wewe usinifanyie hiyo kazi."

Nikarudisha simu. Nilijaribu njia nyingine, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

"Basi rudi. Nitapeleka mbuzi wengine. Nitapeleka sita. Nitakwenda kwa miguu kutoka Mlolongo hadi Masinga, nimpigie Mzee Muli magoti mbele ya kijiji kizima."

"Maringo yako. Hata kuomba msamaha lazima watu waone."

"Mimi sijali, Nzisa! Maji ni maji. Tutanunua magodoro kumi. Nitaosha mimi."

"Leo utaosha. Na kesho. Najua utaosha." Sauti yake ikalainika, na hilo likaniumiza kuliko makali. "Ndunda, sikiliza. Jumatatu nafanyiwa upasuaji."

"Nitakuwa hapo. Nitalala nje ya mlango."

"Hapana."

"Nitakuwa hapo, nimesema!"

"Nimesema hapana."

Kivuli kikasogea. Nilimwona akishika mgongo wa kile kiti kwa mikono miwili, lakini asikae.

"Ile mara ya kwanza, baba ya mtoto alinisubiri. Hakuwa mtu mbaya, usidhani. Alikuwa amenunua gauni, amelishika kwa karatasi tangu asubuhi. Siku walipotoa mpira wa mkojo, daktari akasema tungoje tuone. Tukangoja. Na huyo mtu akatazama shuka kabla ya kunitazama uso. Sekunde moja tu, Ndunda. Lakini mimi niliona, na yeye aliona nimeona. Hakurudi tena, na sikumlaumu. Hata gauni alisahau kuniachia."

"Mimi sitatazama shuka."

"Utatazama."

"Naapa sitatazama."

"Utatazama kwa sababu unanipenda. Asiyenipenda ndiye hatatazama. Daktari atatazama, huyo ni kazi yake. Wewe siwezi. Nikiwa na wewe hapo nitakuwa napona kwa ajili yako. Na isiposhika, nitakuwa nimekosea watu wawili."

Nilitaka kubisha. Maisha yangu yote sijawahi kukosa la kubisha. Lakini nilijiona pale kando ya kitanda, na nilijua macho yangu yangekwenda wapi kwanza. Nilijua, na nikanyamaza, na yeye akasikia kunyamaza kwangu.

"Umeona?" akasema.

"Na ukipona?"

"Nataka nijue peke yangu kwanza. Niamke asubuhi, nipeleke mkono, nikute pakavu, na kusiwe na mtu yeyote wa kumwambia. Niikalie hiyo furaha yangu hata siku moja tu."

"Na usipopona?"

"Hiyo pia."

"Na mimi? Mimi uniweke wapi, Nzisa?"

Kikohozi kikaja, mara mbili, nami nikajishika mbavu nikingojea pigo.

"Sijui. Nakupenda na sijui. Nikikumbuka ukicheza na wale watoto kwenye harusi, nakutaka. Nikikumbuka ule moto wa soko, nataka nisikuone tena. Hiyo ndiyo yote niko nayo leo, na sitakudanganya niko na nyingine."

Machozi yangu yalidondoka kwenye mbao, na sikuona aibu. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, dereva akaita kwamba gari liko tayari. Sista Lavender akanyanyuka, magoti yakimlia.

"Nzisa mama, twende. Utakula huko. Na leo utakunywa maji, si kikombe kimoja, nimekuona."

Kivuli kikainama, kikachukua mkoba, kikauweka begani. Akasimama hapo hapo.

"Ndunda, niahidi hutakuja."

"Nimekuahidi moyoni."

"Moyoni hapana. Moyoni wewe hubadilisha. Sema na mdomo, Sista asikie."

Nilisimama. Nilifuta uso kwa mkono wa shati. Nilitaka aniombe chochote kingine: damu, shamba, jicho. Sista Lavender alikuwa amesimama na mkono mmoja kwenye kitasa, ananisubiri, na sasa hakuwa na hasira nami hata kidogo.

"Nakuahidi, Nzisa wa Muli," nikasema, na sauti yangu ikavunjika, nikaiacha ivunjike. "Jumatatu sitakuja hospitali. Sitasimama langoni, sitampigia Sista, sitamtuma Lenny apite kama mtu aliyepotea njia. Upone au usipone, habari hiyo ni yako, na mimi sitaiuliza mpaka siku utakayoniletea mwenyewe."